Disketi Saba za Ng'ambo

Disketi saba za Emanuel ziligawiwa kwa watu saba, kila mtu na yake, kwa haki kabisa, na hakuna aliyenung'unika.

Ilikuwa siku ya kuanua matanga kule Mdandu, Juni ya mwaka 2003, na baridi ilikuwa ya kugonganisha meno. Ukoo ulikuwa umejaa sebuleni, jiko la mkaa katikati. Baba mdogo Nahumu, aliyeongoza vikao vyote vya ukoo ule tangu baba yake Emanuel afariki, alikuwa akiinua kitu kimoja kimoja cha marehemu na kutaja kinakokwenda. Koti la mvua na kompyuta vilikwenda kwa Sila, kaka mkubwa. Mashuka yalikwenda kwa mama mzazi. Baiskeli ilikwenda kwa Nahumu mwenyewe, ambaye alieleza kwa kirefu habari za magoti yake kabla ya kuipokea.

Oktavia alikuwa uani na wanawake wengine, akimenya viazi. Miaka minne alikuwa mchumba wa Emanuel, lakini mahari haikuwahi kufika kwao Njombe, na msichana ambaye mahari yake haijafika haketi sebuleni vitu vya marehemu vinapogawiwa. Alikuwa na stashahada ya kompyuta, alikuwa na darasa zima pale mjini linalomwita mwalimu, na bado viazi vilikuwa vinamsubiri.

Alimsikia Nahumu akiuliza, na hivi vidude vya plastiki je? Alimsikia shangazi Letisia, dada wa baba yake Emanuel, akijibu kwamba hivyo ndivyo mtoto wao alivyovipenda kuliko chakula. Viko saba, vimefanana, havina mkubwa wala mdogo, kwa hiyo kila mlango wa ukoo uchukue kimoja kiwe kumbukumbu na ugomvi usiwepo. Watu wakacheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha kwanza siku ile.

Kisu cha Oktavia kikasimama katikati ya kiazi. Yeye alijua kilichomo. Alijua kwamba saba zile zilikuwa kitu kimoja, na kuzitenganisha ni sawa na kumgawia kila mtu neno moja la barua aende nalo kwake. Kutoka kwenye beseni la viazi mpaka mlango wa sebule palikuwa na hatua kumi. Baadaye alizihesabu mara nyingi sana kichwani, zile hatua kumi. Lakini siku ile alijiambia kwamba si mahali pake, kwamba atazifuata polepole huko zilikokwenda, kwamba watu wakiwa na msiba hawafundishwi kompyuta. Akaendelea kumenya.

*

Ndani ya disketi zile mlikuwa na mji. Jina lake Ng'ambo.

Emanuel alikuwa karani wa shirika moja la umma ambalo serikali iliamua kuliuza. Siku ya mnada wenzake walinunua viti na mabati. Yeye alinunua kompyuta ya mhasibu mkuu, na Mdandu nzima ikasema kijana amechanganyikiwa kwa kupoteza kazi. Kisha akaokota jarida lililoachwa na Mzungu mmoja wa kujitolea, akasoma kwamba huko ughaibuni watu wameunda dunia ndani ya kompyuta, dunia za maneno matupu zisizo na picha hata moja. Unaandika kwamba unakwenda kaskazini, mashine inakujibu kwamba umefika msituni. Unaandika kwamba unafungua mlango, nao unafunguka. Watu wengi wanaweza kuwamo kwa pamoja kupitia waya wa simu, wakapigana, wakauziana, hata wakachumbiana.

Akamletea Oktavia jarida lile Njombe kama mtu aliyeleta posa. Oktavia alilisoma lote, akauliza swali moja tu: nani amesema mlango lazima uambiwe kwa Kiingereza ndipo ufunguke?

Kwa swali hilo Ng'ambo ikaanza. Emanuel aliandika mifupa, Oktavia akaandika nyama. Kila kitu mjini kilikuwa na skripti yake, yaani maandishi yanayokiambia kiweje na kifanye nini: kisima na yake, mbwa wa mwenyekiti na yake, mwanamke muuza peasi na yake. Emanuel aliamua maji yapungue vipi na mbwa abweke lini. Oktavia aliamua kisemwe nini, na hapo hakuwa na mzaha. Alikaa siku tatu kwenye ukungu peke yake, akaufuta mara kumi na moja, mpaka ukakaa hivi: *Ukungu umeshuka. Unasikia kengele ya ng'ombe, lakini ng'ombe humwoni, na njia uliyokuja nayo imekwisha kukusahau.* Emanuel aliposoma akasema kuwa anaogopa kuoa mtu anayeandika hivyo. Walicheka mpaka wakapaliwa na chai.

Sasa, skripti zikiandikwa ni maandishi tu, kama yalivyo maandishi ya daftari. Ili Ng'ambo isimame, lazima programu maalumu isome kila mstari, iugeuze kuwa lugha ya mashine, iziunganishe skripti zote, kisha izifunge ziwe kifurushi kimoja ambacho mtu anakibeba na kukifungua kwenye kompyuta nyingine. Wenyewe waliita kazi hiyo kupika na kufunga. Walishapika kisima peke yake, wakapika soko peke yake. Ng'ambo nzima, kutoka lango mpaka nyumba ya mwisho, haikuwahi kupikwa hata mara moja. Emanuel alisema isubiri, bado anarekebisha. Ikafika Aprili akalazwa, wakasema ni kifua, na kabla mwezi haujaisha wakamzika.

*

Sila aliiuza kompyuta ndani ya wiki mbili, kwa mwenye steshenari, naye akafuta kila kitu kabla ya kuiweka dukani. Kwa hiyo zikabaki disketi.

Oktavia alikwenda studio akachapisha picha saba za Emanuel amesimama kwenye majani ya chai, amevaa lile koti la mvua, akatoka nazo kuzunguka. Alikuwa na hoja moja: kumbukumbu ya mtu ni sura yake, si kipande cha plastiki. Nipe plastiki, chukua sura. Sila alitoa yake bila kuuliza. Nahumu alikuwa ameiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, akaomba apewe na kipande cha ubao. Kule Uwemba Kasimiri, binamu yake Emanuel na fundi seremala, alikuwa ameitundika ukutani kwa msumari chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na Oktavia akashukuru Mungu kwamba msumari ulipita kwenye kitundu cha pembeni. Yudita, dada yake Emanuel aliyekuwa mhudumu wa hospitali pale Ilembula, alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia, kwenye Zaburi. Binamu wa Makete alituma yake na lori la viazi, imefungwa kwa gazeti kama kipande cha nyama.

Mama yake Emanuel alikuwa ameiviringisha kwenye kitambaa cha kichwani.

"Kamwene, mama," Oktavia alimsalimu, akapiga goti. Mama yule aliitazama picha kwa muda mrefu. Aliuliza kama ndani ya kile kidude mna sauti ya mwanawe. Oktavia akasema hamna sauti, mna mawazo yake. Mama akafikiri, akasema mawazo yake alikuwa akiyajua yeye mwenyewe, maana Emanuel hakuwahi kumficha kitu. Akampa.

Ya saba ilikuwa kwa shangazi Letisia, naye Oktavia hakumkuta nyumbani mara mbili. Mara ya tatu alimkuta. Hakukaribishwa ndani. Letisia alimwambia kwamba amesikia habari zake za kupita nyumba kwa nyumba akikusanya vitu ambavyo ukoo umekwisha kuvigawa, kama kwamba kikao cha wazee kilikuwa mchezo wa watoto. Hata mjane hafanyi hivyo, alisema, sembuse mtu ambaye hakukubali kuwa mke.

Neno hilo, hakukubali, Oktavia hakulielewa. Alidhani ni hasira tu.

*

Programu ya kupika ilikuwa imebaki kwenye mashine moja tu, Makambako, katika duka la intaneti la mzee Halfan karibu na njia panda ya Songea. Halfan alikuwa mtu wa Kondoa aliyeendesha malori miaka ishirini, kisha akauza moja akanunua kompyuta nne, kwa kuwa kila mtu alikuwa anasema dunia imefunguliwa. Alimpenda Emanuel. Alikuwa akimwacha akae kwenye mashine ya kona bila kumtazamia saa, na akimwita meya, kwa sababu ya mji.

Alimpokea Oktavia kwa pole ya dhati, akamwagizia chai, halafu akamwambia habari mbaya. Mwisho wa mwezi anauza mashine zote. Makambako nzima imepata simu za mkononi, watu wanataka vocha na soda baridi, hawataki kukaa mbele ya kioo wakisubiri ukurasa ushuke. Mnunuzi keshapatikana Mbeya. "Ningekungoja, mwalimu, lakini friji limeshalipiwa," alisema, na aibu ikamjaa mpaka masikioni.

Zilibaki siku tisa.

Oktavia aliingiza disketi sita, moja baada ya moja, akaanza kupika alichonacho. Mashine ilisoma, ikanguruma, ikagoma. Ilisema inahitaji kitu ambacho hakipo. Alijua ni nini. Uti wa mgongo wa Ng'ambo, ile sehemu ambayo kila skripti inaiegemea, Emanuel alikuwa ameuandika peke yake na kuuweka kwenye disketi ya saba. Bila huo, kisima hakikujua kwamba ni kisima.

Akafungua skripti azisome kwa macho yake, aone kama anaweza kuuandika upya. Ndipo alipokutana na nyota.

Waandishi wa programu wana desturi ya kujiachia maelezo katikati ya msimbo. Mstari ukianza na alama ya nyota, mashine inauruka; haupikwi, hauingii kwenye kifurushi, unabaki kwenye chanzo kwa ajili ya macho ya mwandishi tu. Oktavia hakuwa na mazoea ya kusoma nyota za Emanuel. Yeye alikuwa akileta maneno yake kwenye karatasi, Emanuel akiyaingiza.

*Kisima. Maji yasikauke hata wakichota watu mia. O. akiuliza, mwambie ni muujiza.*

*Mbwa wa mwenyekiti. Abweke mara mbili. Ya tatu inachosha.*

Alitabasamu. Akaendelea.

*9 Agosti. Nimepima. Ninao. Nimerudi kwa miguu ili nisikutane na mtu nikaanza kuongea. Leo nitamaliza daraja.*

Alisoma tena. Chini yake lilifuata daraja, mbao kumi na mbili, ya tano imeoza, mtu mwenye mzigo mzito asipite.

Kwenye soko: *Baba mdogo anauliza lini tupeleke mahari. Nimemwambia O. hataki haraka, anataka kusoma kwanza. O. nimemwambia ng'ombe wamekonda. Ng'ombe hawajakonda.*

Kwenye skripti ya ukungu, ukungu wake yeye, chini ya sentensi alizozifuta mara kumi na moja: *O. anadhani nimemchoka. Amelia leo. Bora anichukie akiwa hai.*

Halfan alipita akauliza kama chai imepoa amwongezee. Oktavia alikuwa bado anasoma, na mzee akaenda zake kwa adabu.

Tangu Agosti ile Emanuel hakumgusa tena. Alikuwa akija Njombe, wanakaa, wanaandika, jioni anaaga kama mgeni. Oktavia alilia, alitukana, mara moja alimtupia kikombe. Baada ya mazishi, aliposikia watu wananong'ona kuwa ni ukimwi, alikwenda kupima, akaambiwa ni mzima, akadhani ana bahati. Alitembea nayo mwezi mzima, bahati hiyo, akijionea haya kwa kuwa nayo. Sasa alikuwa anaisoma kwenye kioo, ina tarehe, na mwandiko wa vidole vya mtu.

Nyota ya mwisho ilikuwa kwenye skripti ya mtaa wa juu.

*Mlango wa nyumba ya mwisho. Ufunguke kwa jina lake tu. Kilichomo ndani nimekiandika mwenyewe, kwa maneno yangu haya mabovu, na asinisahihishe. Disketi ya 7.*

*

Ujumbe wa shangazi Letisia uliletwa na Yudita, ambaye alikuja Makambako kwa ajili hiyo tu na hakutaka hata kuvua koti. Ukoo utakaa Jumapili baada ya ibada. Disketi itawekwa mezani, na Oktavia ataondoka nayo, hakuna mwenye shida na plastiki. Lakini kwanza aombe msamaha mbele ya watu, kwa kumchelewesha Emanuel. Maana ukoo unajua kwamba kijana alitaka kuoa, ng'ombe walikuwepo, binti ndiye aliyesema bado, bado, bado. Mwanaume akikalishwa bila mke anatafuta pa kwenda. Akaenda huko alikokwenda, akaokota alichookota. Hivyo ndivyo wanavyosema, alisema Yudita. Aliyasema akiwa anatazama barabarani.

Kisha akauliza polepole, "Wifi, kweli ulisema bado?"

Kinywa cha Oktavia kilifunguka. Mashine ilikuwa hapo hapo nyuma yake, ingetosha kugeuza kiti. Akamwambia aendelee na safari, gari zitaisha.

Halfan alikuwa amesikia kila kitu, kwa kuwa duka lilikuwa dogo na yeye hakuwa mtu wa kujifanya kiziwi. Alivuta kigoda akakaa.

"Nisikilize, mwalimu," alisema. "Mimi barabarani nimeomba msamaha kwa trafiki wote kutoka hapa mpaka Tunduma, na sikuwa na kosa hata moja. Unapiga goti, unasema, unachukua mzigo wako, unaondoka. Ni maneno tu."

"Na Ng'ambo ni nini, mzee?"

"Ng'ambo ni Ng'ambo."

"Ni maneno tu."

Halfan alikuna ndevu. Akasema wasomi ni watu wa tabu, na kwamba mashine ya kona haitafungwa mpaka siku mnunuzi atakapokuja kuing'oa kwa mikono yake mwenyewe. Oktavia alimshukuru. Usiku wote wa kuamkia Jumapili hakulala, na asubuhi alikuwa ameamua: atasema. Atapiga goti, atasema watakalo, atarudi na disketi, atapika Ng'ambo, atapanda mpaka mtaa wa juu na kulitaja jina lake mwenyewe mbele ya mlango ule. Kwa ajili ya chumba kimoja kilichoandikwa na Emanuel kwa maneno yake mabovu angeweza kusema hata kwamba yeye ndiye aliyeleta baridi Njombe.

*

Sebule ya Mdandu ilikuwa ileile, jiko la mkaa katikati. Safari hii aliwekewa mkeka ndani, karibu na mlango. Walimpa chai na viazi vya kuchemsha, akanywa, akala kimoja. Disketi ilikuwa mezani juu ya sahani, imefunikwa kwa kawa kama kitumbua. Mama yake Emanuel aliketi pembeni, ile picha ya kwenye majani ya chai iko mapajani pake.

Nahumu alifungua kikao kwa sala, kisha akazunguka kidogo, kama alivyozoea, akagusia umoja wa ukoo na bei ya mbolea, mpaka Letisia akakohoa. Hapo akasema binti ameitwa kwa amani, na jambo lenyewe ni fupi.

Oktavia alipiga goti. Aliinamisha kichwa, akasema kwamba kama kuna mahali alipowakosea wazazi wake hawa, anaomba wamsamehe. Alidhani yamekwisha. Alisikia hata watu wakishusha pumzi.

"Hapana, binti," alisema Letisia. Hakusema kwa ukali. "'Kama kuna mahali' ni msamaha wa watu wa ofisini. Hapa tunataka kosa litajwe, ili liondoke ndani ya nyumba. Sema hivi: mimi Oktavia nilimkataa asinioe, na kwa kunikosa akawa mhuni, uhuni ukamuua."

Mkaa ulipasuka kwenye jiko. Oktavia aliyarudia maneno yale kichwani taratibu, kama alivyoyapima maneno maisha yake yote, moja moja. Nilimkataa. Hilo angeweza kulimeza. Lilikuwa linamchafua yeye tu, na yeye alikuwa hai, angejifuta. Akafika kwenye lile jingine. Mhuni. Huyo ni mtu aliyetoka hospitali kwa miguu asikutane na mtu. Aliyekaa miezi tisa kando ya msichana anayelia, mikono yake kwenye meza. Wangelisema neno hilo leo kwa kinywa chake yeye, mbele ya mashahidi, na kesho lingekuwa ndilo jina la Emanuel pale Mdandu, na wangeweza kuongeza: hata mchumba wake alikiri.

"Emanuel hakuwa mhuni," alisema.

"Basi aliupata wapi?" akauliza Sila.

"Sijui. Wala nyie hamjui."

"Tunachojua," alisema Letisia, "ni kwamba alikwambia uolewe ukasema bado. Alituambia mwenyewe, kwa mdomo wake, amekaa hapo ulipokaa. Unataka kusema mtoto wetu alikuwa mwongo?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa kwenye mkoba wake, kwenye disketi ya soko, mstari wenye nyota. Kila mtu mle ndani alimgeukia, na katika wote Oktavia alimwona mmoja tu. Mama yule alikuwa ameinua uso. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya picha, juu ya kifua cha lile koti, anakwenda na kurudi.

"Mwanangu hakuwahi kunidanganya," mama alisema. Hakuwa anabishana na mtu. "Mwaka mzima wa mwisho kila wiki alikuwa anakuja, nikimuuliza unaumwa, anasema siumwi, mama. Na mimi nilikuwa nalala usingizi. Angekuwa anaumwa angeniambia."

Oktavia aliusukuma mkoba nyuma ya mgongo wake.

Letisia aliondoa kawa, akaichukua disketi kutoka kwenye sahani, akaishika katikati ya vidole viwili ili ionekane. Lebo yake ilikuwa na mwandiko wa Emanuel: namba saba, na chini yake mstari mdogo wa wino, kama alikuwa anajaribu kalamu. Oktavia aliusoma wote, ule mstari, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Neno moja tu, binti yangu," Nahumu alimsihi, na kwa kweli alikuwa anasihi. "Mbona ni jambo dogo? Sema uchukue kitu chako. Sisi hatukitumii."

Oktavia alisimama kutoka kwenye mkeka. Alinyoosha kitenge chake, akamwendea mama yake Emanuel kwanza, akamshika mikono yote miwili, akamuaga kwa Kibena. Kisha akawageukia wengine. Sauti yake ilitoka kavu na ya kawaida, kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

"Nimekuja, nimekaa, nimewasikiliza," alisema. "Hilo la kumkataa mngependa niliseme, ningelisema. Hilo jingine sitalisema leo, sitalisema kesho, na hiyo disketi kaeni nayo. Mimi siombi msamaha."